Eda kwa Kalenda ya Vimbunga

"Neno moja tu, Mashavu! Ndiyo au siyo. Sikuja kukuazima chumvi."

"Na mimi nishakwambia, jibu Jumatatu. Mtoto katoka eda Jumanne, leo Jumamosi ushamkalia kooni. Kwani andazi hili, likipoa haliliki?"

"Jumatatu kaka yangu anakwenda Dammam kupokea kontena lake. Aende roho juu?"

"Aende na subira. Haina kilo, hawatamzuia nayo uwanja wa ndege."

Walikuwa wamesimama kila mmoja mlangoni kwake, ghorofa ya pili ya jengo kongwe la mtaa wa Malaz, mjini Riyadh, na kati yao palikuwa na kiukumbi cha ngazi ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa ukuta huku na huku. Adhuhuri ilikuwa imeshasaliwa. Huyu wa kulia ni Bi Mashavu, mjane wa miaka sitini na mbili, mwenyeji wa Jidda, mtaa wa Al-Safa, aliyehamia hapa kwa muda kukaa na bintiye. Huyu wa kushoto ni Bi Hala. Baba yake Mpemba, mama yake wa Unguja, mwenyewe kazaliwa hapo hapo Riyadh, na katika jengo lile hakuna mimba, barua wala mzigo uliowahi kupanda ngazi bila yeye kuujua. Wawili hawa wakigombana, yule Msudani wa ghorofa ya tatu hupunguza sauti ya televisheni. Si kwa kuudhika. Apate kusikia vizuri.

Na leo palikuwa na la kusikia, kwa sababu ugomvi haukuwa wa taka wala wa viatu vilivyoachwa ngazini. Ulikuwa wa Muna.

Muna, binti wa pekee wa Bi Mashavu, alikuwa na miaka thelathini na mbili. Mumewe Sultan aliugua figo miaka miwili, akafariki, na Muna akakaa eda ndani ya nyumba hii ya mumewe miezi minne na siku kumi, kama ilivyoandikwa. Jumanne ndiyo siku aliyotoka. Wanawake walikuja, wakamkogesha, wakamfukiza, wakamvisha nguo mpya. Jumanne hiyo hiyo, udi haujazimika chetezoni, Bi Hala alivuka kiukumbi na barua ya posa ya kaka yake Murad, muuza vipuri vya magari, aliyefiwa na mke, mwenye mabinti wawili, mtu wa msikiti na mtu wa watu. Hakuna aliyeweza kumtoa kasoro Murad. Labda ukimya wake, na hata huo wengine wangeuita adabu.

"Au ndiyo mnamngoja yule mzamiaji wenu wa Jidda?" Bi Hala aliuliza, sauti kaishusha kidogo ili isikike zaidi.

"Simngoji mtu mimi."

"Wewe humngoji. Mwenzio je? Jumanne yule mtoto si kakaa sebuleni tangu asubuhi hadi Isha, kila kiatu kikilia ngazini anainua shingo? Nilimwona, Mashavu. Mimi nina macho. Huyo mtu wa kuchezea maji kaja Jumanne? Hakuja. Jumatano? Hakuja. Alhamisi, Ijumaa? Keshasahau! Tena nasikia safari yake hiyo ya Karibi kakata nafasi tisa, na watu wenyewe wanane. Wa tisa nani? Mfaransa, shoga. Wazamiaji wote wana Mfaransa wao."

"Hala, ulimi huo utakuja kuutafuna siku moja."

Nyuma ya Bi Mashavu mlango ulikuwa wazi kiasi cha kidole, na nyuma ya mlango alisimama Muna, paji la uso kaliegemeza kwenye mbao. Alisikia kila neno, na kila neno alikuwa ameshajiambia mwenyewe, na la Mfaransa pia. Asubuhi ile, wakinywa chai, alimwambia mama yake: "Mkubalie Bi Hala. Murad angalau kaja." Mama yake alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani, akasema: "Hilo si jibu, ni hasira. Tungoje Jumatatu."

Ajabu yenyewe ndiyo hiyo. Miaka tisa nyuma aliyemkataa Hamdun, huyo mzamiaji wa Jidda, kabla hata hajaposa, alikuwa Bi Mashavu. Na leo aliyekuwa anavuta muda ni yeye.

Viatu vililia ngazini.

Alipanda kijana wa miaka thelathini na tano hivi, mrefu, kanzu nyeupe inayometa kwa pasi, ngozi ya uso imeungua kwa jua la baharini mpaka puani, mkononi begi dogo. Alipofika ngazi ya mwisho akasimama, akawatazama wale wanawake wawili, akatabasamu tabasamu la mtu aliyefika arusini mapema.

"Assalaam alaykum. Bi Mashavu, shikamoo. Shikamoo, mama," alimgeukia na Bi Hala. Kisha akauliza, pumzi bado ziko juu: "Nimewahi?"

Juu, sauti ya televisheni ya Msudani ilizidi kushuka.

*

Ngoja nikurudishe kidogo, usije ukamhukumu mtu kwa kuchelewa kabla hujamjua.

Hamdun na Muna walikulia Al-Safa, mtaa mmoja, wazee wao walifika Jidda kutoka Unguja miaka ile ile. Walipendana kwa macho, kama watu wa pale walivyopendana: ngazini, dukani, kwenye arusi za watu. Hamdun akashika kazi ya kuzamia katika Bahari ya Sham, kazi ambayo Bi Mashavu hakupata kuielewa. "Watu wanalipwa kutoka majini na samaki," alikuwa akisema. "Huyu anatoka mikono mitupu, anasema kawaona." Basi Muna akaposwa na Sultan wa Riyadh, akaolewa, akahamia Malaz, akapata kazi ofisi ya safari. Akapewa safari za Amerika na visiwa vyake, pembe ambayo hakuna mwenzake aliyeitaka.

Alipofiwa, ofisi ikamruhusu kufanya kazi akiwa nyumbani, kwa simu na kompyuta. Mwezi wa saba simu ikalia.

"Ofisi ya safari, Muna anazungumza."

"Muna wa Al-Safa?"

Sauti ile hakuwa ameisikia miaka tisa. Alimtazama mama yake aliyekuwa akikata kitunguu kwenye mkeka, akabonyeza kitufe cha spika, simu isikike chumba kizima.

"Nikusaidie nini, ndugu?"

"Poleni na msiba. Nilisikia. Mungu amrehemu." Akageukia kazi. "Nina wazamiaji wanane wa hapa Jidda. Wanataka Karibi. Mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa huko hamwendi kuzamia, ndugu. Mnakwenda kuzamishwa."

Bi Mashavu alicheka peke yake na kisu chake. Na Muna akaeleza, kwa ile sauti yake ya kazi: msimu wa vimbunga kule hufunguliwa tarehe mosi Juni na kufungwa mwisho wa Novemba, na kilele chake ni huo huo mwezi wa tisa. Bahamas, Kuba, Jamaika, kote huko mtu anakwenda kwa dua. Lakini viko visiwa vya kusini kabisa, karibu na Venezuela, ambako vimbunga hufika kwa nadra. Kipo kimoja, Bonaire. Vuli ikiingia upepo wake hupungua, maji yakawa ya uvuguvugu na meupe, matumbawe yanaanzia pale pale ufukweni.

"Vuli," alisema Hamdun. "Neno zuri. Mimi na wewe tumezaliwa Jidda. Mvua yetu siku mbili kwa mwaka, na zote mbili ni mafuriko."

Muna hakucheka. Ila alipokata simu, mama yake alimwona anaitazama simu ile muda mrefu kuliko simu inavyostahili kutazamwa.

Ikawa kila Jumatano baada ya Alasiri. Spika wazi, mama mkekani, maneno ya upepo tu. Mwanamke aliye edani haposwi. Mwanamume mwenye adabu anaweza kugusia kwa mbali, kutamka hapana. Hamdun hakugusia. Alipiga kusema kimezaliwa kimbunga kimoja kule pwani ya Afrika Magharibi, kinaelekea huko. Muna akamwambia ameshakiona kwenye ramani, na kimeshapewa jina. Wakakifuatilia siku sita, kama wazazi wanaokaa na mtoto mwenye homa, mpaka kikafia katikati ya bahari bila kumgusa mtu. Wakashukuru wote wawili, huyu Riyadh, yule Jidda.

Mwishowe tarehe ikapatikana: kuondoka tarehe nane Novemba, kupitia Amsterdam. Muna akasoma majina manane.

"Na nafasi ya tisa?"

"Iache wazi. Jina nitaleta."

"La nani?"

"Nitaleta." Halafu, kwa haraka, kama mtu anayeruka kutoka kwenye boti: "Siku utakayotoka nitakuja Riyadh mwenyewe. Nina maneno na mama."

Bi Mashavu akakohoa. Simu ilipokatwa akasema kazi imekwisha na simu zimekwisha, na Muna hakubisha. Wiki tatu hazikulia. Muna akahesabu siku zilizobaki, na Jumanne ilipofika akakaa sebuleni.

Mengine Bi Hala ameshakwambia.

*

"Umewahi nini, mwanangu?" Bi Mashavu aliuliza taratibu.

"Siku ya Muna." Tabasamu la Hamdun lilianza kutafuta pa kukaa. "Si leo anatoka? Nimeshuka na ndege ya asubuhi, nikasema nisije mapema, hawajamaliza kumkogesha. Nikakaa msikitini mpaka nikasali."

"Leo?"

"Leo, mama. Marehemu alifariki Juni mosi." Akaanza kukunja vidole. "Julai mosi, Agosti mosi, Septemba mosi, Oktoba mosi. Minne hiyo. Kumi juu yake, tarehe kumi na moja. Leo." Akatoa simu kanzuni, akaigeuza waione. Ilikuwa kalenda yake ya vimbunga, ile inayoanzia siku msimu unapofunguliwa, ambayo ndiyo hiyo hiyo siku aliyofariki Sultan. Kila siku iliyopita ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu, na ya leo imezungushiwa duara. "Sijaruka hata moja."

Bi Hala alishika kizingiti cha mlango wake kwa mikono miwili. Kicheko kilimpanda kutoka visiginoni.

"Yarabi, nishikeni! Eda ya miezi ya benki! Mashavu, umesikia? Mtu kazaliwa Jidda, Makka ipo pale, ukipiga chafya inasikika, anamhesabia mjane eda kwa miezi ya Kizungu!"

"Hala, nyamaza." Bi Mashavu hakucheka. Alisema na Hamdun kwa upole, kama mwalimu wa chuoni na mtoto aliyekosea aya. "Eda ni ya mwezi wa angani, baba. Sultan katutoka mwezi tano Mfungo Tatu, mwezi wa Hija. Miezi minne inakuleta tano Mfungo Saba. Tia kumi. Hiyo ilikuwa Jumanne."

"Jumanne."

"Jumanne, Hamdun. Siku nne zimepita, na posa ya kaka yake Hala iko ndani."

Sijui kama umewahi kumwona mtu anaambiwa kitu ambacho tayari anakijua. Hakuwa mjinga. Kufunga anafunga kwa mwezi, Iddi anasali kwa mwezi. Ila miezi ile minne alikuwa akiishi ndani ya kalenda moja tu, ya pepo za mbali, na kila alipomfikiria Muna alimfikiria humo humo. Simu iliyokuwa mkononi mwake ilishuka polepole mpaka ikagusa kanzu.

"Na Jumanne yenyewe ulikuwa wapi?" Bi Mashavu aliuliza.

"Yanbu. Chini ya maji na wanafunzi. Siku tano tumelala botini, mtandao hakuna. Niliipanga hivyo makusudi, nimalize jana ili leo niwe..." Hakuimaliza.

"Mama." Sauti ilitoka nyuma ya mlango. "Naomba nizungumze naye."

Bi Mashavu alisogea hatua moja pembeni, lakini mkono hakuutoa kwenye kitasa. "Zungumza hapo hapo ulipo. Hala, ziba masikio."

"Nitaziba moja."

Hamdun aliutazama ule mwanya wa kidole kama mtu anavyotazama uso wa maji kabla ya kushuka. Kilichoonekana ni ukingo wa mtandio mweupe tu.

"Hamdun."

Miezi yote ile alikuwa "ndugu". Jina lake kulisikia kulimfanya aegemee ukuta.

"Naam."

"Upepo wa Bonaire wiki ya safari yako unatoka wapi?"

"Mashariki."

"Mkali?"

"Wa kupeperusha kanga. Si wa kuing'oa kambani. Ndivyo ulivyoniambia."

"Unakumbuka."

"Kila neno."

"Nimekupangia safari kwa kufuata kila upepo wa bahari ile," alisema Muna, na sauti haikupanda, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Vimbunga vyote vya mwaka huu nimekusomea, hiki kinapita hapa, hiki kinageukia kule. Nimeamka alfajiri kuvitazama. Wewe mwezi mmoja tu, unaouona bure kila ukitoka nje, umeshindwa kunihesabia."

"Sina jibu, Muna."

"Najua. Hata miaka tisa nyuma hukuwa nalo. Ulinambia nini pale Al-Safa? 'Ngoja nipate cheti cha ualimu, nije kwenu na uso.' Nikangoja. Cheti kilikuja Alhamisi. Barua ya Sultan ilikuwa imeshakuja Jumatatu ya wiki hiyo."

"Nilitaka nije nikiwa na kitu mkononi."

"Wewe siku zote unataka bahari itulie kwanza. Unajua Sultan alikuja lini kwetu? Siku ya mafuriko. Magari yanaelea, watu wamepanda juu ya mapaa yao. Yeye kaingia sebuleni kwa mama, suruali imelowa mpaka magotini, viatu kavishika mkononi. Siku ile sikumpenda. Lakini alikuja. Nikampenda baadaye, kidogo kidogo, na nilipomlia nimemlia kwa haki yake. Nisikudanganye katika hilo."

Bi Mashavu alijifuta jicho kwa ncha ya kanga. Aliikumbuka ile suruali. Alimtafutia kikoi cha marehemu mumewe avae.

"Mungu amrehemu," alisema Hamdun. "Nilikuwa nikimwonea wivu. Namwomba radhi."

"Muulize wa tisa!" Bi Hala alipasuka. "Mtoto, usimwachie, muulize wa tisa nani!"

"Wa tisa ni yeye," alisema Hamdun bila kugeuka. "Jina la mtu aliye edani ningeliandikaje kwenye karatasi ya safari yangu? Nikaiacha wazi."

"Basi si Mfaransa," Bi Hala alijisemea, na ungesikia kwamba alisikitika kidogo.

Mkono wa Bi Mashavu ulikuwa bado kitasani. Hamdun aliweka begi chini. Akavua viatu, sijui kwa nini, kwa sababu hapakuwa na zulia wala hakuna aliyemwambia. Labda miguu yake iliona neno lenyewe si la kusemwa na viatu.

"Bi Mashavu."

"Naam."

"Nimekuja kuposa. Sina mzee, sina barua. Utaratibu naujua, na mjomba wangu akisikia nimesema haya ngazini atanitia bakora. Nia yangu ya leo ilikuwa kukudokezea tu, kisha wazee waje baada ya safari, mambo yakitulia." Akasimama hapo, akalisikia mwenyewe neno lake. "Sitaki tena yatulie. Najua posa ya mwenzangu iko ndani, na yeye kaja kwa heshima zake na kwa siku yake. Hata hivyo naposa. Na ikiwa safari ndiyo kizuizi, naiacha leo hii."

"Usiiguse safari yangu!"

Mlango ulifunguka. Muna alitoka mpaka kizingitini, ubavuni kwa mama yake. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yale yale ya ngazi za Al-Safa, ila sasa yalikuwa yametulia kama ya mtu aliyekwisha kuogopa, na Hamdun aliyatazama mara moja, akainamisha uso, akashindwa, akayatazama tena. Hapo hata Bi Hala aligeuka kutazama ukuta. Alirudisha macho haraka, lakini aligeuka.

"Safari ile nimeipanga mimi," alisema Muna. "Watu wanane wamechukua likizo zao kwa neno langu. Utakwenda nao. Mimi siendi. Sijapata kutia kichwa majini tangu nizaliwe, na nimetoka ndani juzi. Nataka kwanza nitembee nijue kama mtaa wa Malaz bado upo. Nafasi ya tisa mpe mtu. Unarudi lini?"

"Tarehe kumi na nane Novemba."

"Kwa mwezi wa angani?"

Hamdun alitazama dari. Vidole vikaanza kukunjika na kukunjuka. Midomo ya Bi Mashavu nayo ilikuwa ikihesabu kimya kimya, na ya Bi Hala, na ningeapa kwamba ghorofa ya tatu Msudani naye alikuwa akihesabu.

"Mfungo Saba ukitimia thelathini... ishirini na saba," alisema. "Ishirini na saba Mfungo Nane."

Bi Mashavu alichelewa kidogo kumfikia, akafika, akatikisa kichwa kukubali.

"Safari hii atakayehesabiwa siku ni wewe," alisema Muna. "Nitahesabu mimi, na mimi sikosei." Kisha akamgeukia Bi Hala, na sauti ikalainika. "Shangazi, jibu lako usilingoje Jumatatu. Mwambie Murad Mungu amlipe kheri, na sina la kumtoa kosa. Asubuhi nilimwambia mama amkubali. Lakini nilisema kwa uchungu wa mtu mwingine, na mtu mwema hawekwi ndani ya nyumba ya namna hiyo. Wala wanawe."

Bi Hala alishika ncha ya kanga yake akaikunja, akaikunjua. Ni yeye anayewasuka wale mabinti wa Murad kila asubuhi kabla ya shule. Ni yeye aliyewaambia wakae vizuri, huenda mama anakuja.

"Kanyoa ndevu jana," alisema mwishowe, taratibu. "Sijui nitamwambiaje."

"Nitakwenda nawe," alisema Bi Mashavu. "Kaniletea posa ya heshima, na mimi nitairudisha kwa heshima." Kisha akamtazama Hamdun kutoka utosini mpaka kwenye miguu mitupu. "Na wewe usijidanganye. Sijasema ndiyo. Kwangu haposwi mtu ngazini. Zamani niliikataa kazi yako. Kazi sasa haina neno, watu wameshanieleza. Hesabu yako ndiyo inanitia shaka. Kamlete mjomba wako, na barua."

"Lini, mama?"

"Ijumaa. Kabla ya hiyo Karibi yenu."

"Ijumaa ni Ijumaa kwa kalenda zote," alisema Hamdun.

Muna alicheka. Kilimtoka tu, kifupi, akakizuia kwa kiganja, lakini kilikuwa kimeshatoka na wote walikisikia. Miezi mingi hakuna aliyekuwa amekisikia ndani ya nyumba ile. Bi Mashavu aligeuza uso upande wa pili ili asionekane anavyokipokea.

Hamdun alivaa viatu, akachukua begi lake, akaaga. Ndege ya kurudi Jidda ilikuwa ya magharibi. Alikuwa ameshashuka ngazi tatu, Bi Hala ameshashika mlango wake kuufunga, Muna aliposema kwa sauti ya chini:

"Mama, katoka Jidda tangu alfajiri."

"Nimemwona."

"Naye Bi Hala kasimama hapa tangu adhana."

"Na huyo pia nimemwona. Nani asiyemwona?" Bi Mashavu alipumua kwa nguvu, akainama juu ya ngazi. "We Hamdun! Rudi. Ila ujue, mtu kula si kujibiwa."

Hamdun alipanda zile ngazi tatu kwa hatua moja.

"Mimi roho yangu bado imevimba, Mashavu," alisema Bi Hala, mlango wake uko nusu.

"Njoo nayo hivyo hivyo. Nani atakaa naye sebuleni mimi nikipakua? Ingieni, shoga. Ingieni mle, samaki wa kupaka anapoa."